Mpiga mbiu, tarishi, mshenga, adui au ishara: nani alete mwito katika hadithi yako?

Zuhura ni fundi cherehani wa Pangani. Baba yake, nahodha, aliondoka na jahazi lake miaka kumi iliyopita na hakurudi. Hitima ilishasomwa, na watu wakaendelea na maisha yao. Sasa jahazi lile linaonekana Kilwa, limepakwa rangi mpya na kupewa jina jingine. Hadithi haiwezi kuanza mpaka Zuhura ajue. Nani atamwambia?

Watunzi wengi hulijibu swali hili kwa dakika moja: anapita baharia mzee, anasema alichokiona, anakwenda zake. Kisha wanashangaa kwa nini sura tatu za kwanza zimepoa. Tutamtumia Zuhura kupima wabebaji watano wa habari hiyohiyo, ili uone kila mmoja anakupa nini na anakunyima nini.

Joseph Campbell, Mmarekani aliyelinganisha visasili vya mataifa mengi, aliieleza nafasi hii ya mleta mwito, mwito ukiwa ni kile kinachomtoa mhusika nyumbani aanze safari, katika kitabu chake cha mwaka 1949: ni yule anayetangaza kwamba safari imefika mlangoni. Christopher Vogler, aliyekuwa akisoma na kutathmini miswada kwa kampuni za filamu za Hollywood, akaichukua katika mwongozo wake wa waandishi wa mwaka 1992 na kusisitiza jambo ambalo wanafunzi husahau: hii ni kazi tu, kama zamu ya lindo. Mtu anaweza kuishika kwa ukurasa mmoja, akaiacha, akaendelea na mambo yake. Hata kitu kisicho na roho kinaweza kuishika.

Kwa Kiswahili mara nyingi tunasema "mjumbe" na kuishia hapo. Si kosa, ila neno hilo ni pana mno kwa mtu anayetaka kuchagua. Lugha yetu inawatenganisha watu hawa vizuri sana. Mpiga mbiu anautangazia mji mzima. Tarishi anabeba barua iliyofungwa na hana habari na kilichomo. Mshenga anakuja na neno la mtu mwingine, anabembeleza, anapeleka jibu na kurudi tena. Hao watatu tunawajua mitaani kwetu. Ukiwaongezea adui anayebisha hodi mwenyewe, na ishara isiyo na ulimi, unapata watano.

Kipimo kikuu ninachopendekeza ni kimoja: mhusika mkuu akikataa mwito, nani analipa? Kama jibu ni "hakuna anayelipa", hata malaika akishuka na matarumbeta tukio litabaki bila uzito. Wabebaji hawa watano wanatofautiana zaidi hapo kuliko kwenye mavazi au maneno yao.

| Mleta mwito | Anajua kiasi gani | Anaweza kuulizwa? | Anayelipa mhusika akikataa |
|---|---|---|---|
| Mpiga mbiu | Tangazo tu | Kidogo sana | Watu wengi, polepole |
| Tarishi | Hajui kilichomo | Hapana | Yeyote aliye karibu na ujumbe |
| Mshenga | Mengi, lakini anasema machache | Ndiyo, na atarudi | Heshima na ahadi ya mhusika mwenyewe |
| Adui | Zaidi ya mhusika | Ndiyo, ila atapotosha | Mtu au mali aipendayo mhusika |
| Ishara | Hakuna anayejua | Hapana | Mhusika peke yake, moyoni |

Mpiga mbiu

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na nguvu ya mleta mwito huyu imo humo: sauti moja inabadilisha hali ya kila mtu kwa wakati mmoja. Pwani ya Lamu na Pate ilikuwa na siwa, baragumu kubwa, kwa shughuli kubwa za utawala na harusi; ile ya pembe za ndovu ya Pate ina urefu wa zaidi ya mita 2. Chombo cha namna hiyo hakipulizwi kwa jambo dogo, na msikilizaji anajua hivyo kabla neno lolote halijatamkwa.

Udhaifu wake ni kwamba aliyeita wote hakumwita yeyote. Msomaji atauliza kwa nini aende Zuhura na si jirani yake. Dawa ni kuubana mwito kwa hatua mbili: kwanza tangazo la wote, kisha neno moja ndani yake linalomchoma mmoja. Gari la matangazo linapita sokoni Pangani: vyombo vyote vya pwani vinasajiliwa upya, mwenye dai afike Kilwa ndani ya siku 14. Watu wanaendelea kununua samaki. Zuhura anasimamisha cherehani, kwa sababu katika orodha ya vyombo visivyo na hati imesomwa alama ambayo baba yake aliichonga kwenye tezi la jahazi.

Usinukuu tangazo lote. Maneno 20 hadi 25 yanatosha, mengine yaonekane kwenye nyuso za wanaosikiliza. Mchague mpiga mbiu kwa hadithi za vita, maradhi, mashindano au bomoabomoa, ambako wengi wanaitika na mhusika wako ni mmoja wao. Kwa Zuhura nisingemchagua: habari yake ni ya nyumbani mno.

Tarishi

Tarishi ni mtamu kwa mtunzi kwa sababu kutojua kwake ni ngao. Utendi wa Fumo Liyongo unaonyesha namna hiyo inavyofanya kazi. Liyongo akiwa kifungoni anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake kwa beti za fumbo: aoke mkate, na katikati aweke tupa ya kukatia pingu. Walinzi wanasikia kila neno na hawaambulii kitu. Vyakula vizuri wanavila wao, mkate wa wishwa wanamwachia mfungwa, na tupa inafika. Kwa nadharia yetu Saada si mleta mwito, kwani shujaa ndiye aliyemtuma, lakini somo la tarishi liko wazi kwake: ujumbe unapita katikati ya maadui kwa sababu mbebaji haonekani kuwa na jambo.

Mfano safi zaidi wa tarishi aliyeleta mwito ni R2-D2, roboti mdogo katika filamu ya kwanza ya Star Wars, ya mwaka 1977. Angalia mambo matatu yaliyofanywa pale. Mbebaji hawezi kusema lugha ya binadamu, kwa hiyo hakuna wa kumhoji. Ujumbe unaonekana kipande tu, ukijirudiarudia, kwa hiyo Luke, kijana ambaye ni mhusika mkuu, anavutwa na kisichoonekana. Tena haukuwa wake. Ulikusudiwa mzee mwingine. Kijana anapokataa safari kwa sababu ya kazi za shamba la mjomba, askari waliokuwa wakiutafuta ujumbe wanafika shambani, na mjomba na shangazi wanauawa. Hiyo ndiyo gharama ya tarishi: hatari haimfuati mbebaji, inaufuata mzigo.

Kwa Zuhura: kondakta wa basi la kutoka Tanga anashusha kifurushi. "Nani amekutuma?" anauliza Zuhura akisoma jina la mpokeaji. Ni jina la mama yake, aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Aliyetuma hajui kwamba amekufa, kwa hiyo ni mtu aliyekuwa mbali muda mrefu. Ndani mna pete ya baba yake na karatasi iliyochanika. Kondakta hajui zaidi ya nauli ya mzigo.

Kosa kubwa la wanaoanza ni barua ya kurasa nne inayoeleza kila kitu, tangu siri ya familia hadi mahali pa hazina. Barua ya kuleta mwito isizidi maneno 40. Una mambo matatu ya kugawa: nini kimetokea, wapi, na mwisho ni lini. Toa moja lote, la pili nusu, la tatu lifiche. Ukishaiandika, futa sentensi ya mwisho uone kama hadithi bado inasonga. Mara nyingi inasonga vizuri zaidi.

Kosa la pili ni bahati ya mno. Kifurushi kikifika siku ileile Zuhura alipokuwa akimlilia baba yake, msomaji ataona mkono wa mtunzi. Kifike siku mbaya: ana tenda ya sare za shule na muda umekwisha.

Mshenga

Huyu ndiye anayeachwa zaidi, na ndiye mwenye mengi. Mshenga halisi wa posa ana adabu zake: haanzi na lililomleta, haondoki na jibu siku ya kwanza, na pande zote mbili zinajua kwamba naye ana chake katika shughuli. Yote matatu ni mali kwa mtunzi.

Campbell alipotaka kueleza mwito unavyofika, alianza na chura wa ngano ya kwanza katika mkusanyiko wa ndugu Grimm, uliochapishwa mwaka 1812. Binti mfalme amedondosha mpira wa dhahabu kisimani. Chura anajitokeza, lakini hatoi msaada bure. Anataka kula sahani moja na binti, kulala kitandani pake, kuwa mwenzake. Binti anaahidi bila kukusudia kutimiza, anapewa mpira, anakimbia. Kesho yake chura yuko mlangoni. Anayelipa ni binti mwenyewe, kwa ahadi yake, na baba mfalme ndiye anayeisimamia: ulichoahidi utakitimiza. Hakuna aliyeuawa, hakuna nyumba iliyochomwa, ila mlango hauwezi kufungwa tena. Campbell alisema pia kwamba mbebaji wa mwito mara nyingi huwa wa kuchukiza au kutisha, kitu ambacho dunia imekidharau. Mshenga wako si lazima awe mzuri wa sura.

Bi Salma wa Kilwa anafika dukani kwa Zuhura.

"Hodi."

"Karibu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa mkono wako mwepesi. Nataka gauni, lakini sina haraka."

Ziara ya kwanza ni gauni na sifa. Ya pili ni kupima, na katikati ya vipimo anauliza kama marehemu baba alikuwa na kidole kilichokatika. Ya tatu analeta neno lenyewe: kuna mtu Kilwa anataka kuonana nawe, ila uje peke yako, na gauni hili usinidai. Zuhura ameshakata kitambaa cha mgeni, ameshakunywa chai naye, ameshamwita mama. Kukataa sasa ni kumvunjia mtu heshima, na msomaji wa Kiswahili anaelewa uzito huo bila kuelezwa.

Mambo yanaharibika kwa njia tatu. Ya kwanza, mshenga asiye na haja yake. Jiulize Bi Salma anapata nini. Kama hujui, atageuka kuwa mdomo wa mtunzi. Mpe deni, au mtoto aliyeajiriwa kwenye jahazi lile. Ya pili ni mwendo. Ziara tatu zinafaa riwaya au tamthilia ya vipindi. Katika hadithi fupi ya maneno 3,000, fanya ziara moja yenye kukataliwa mara mbili, vinginevyo theluthi ya hadithi itaishia kwenye vipimo vya gauni.

Ya tatu ni hatari zaidi: mshenga kugeuka mwalimu bila mtu kugundua. Anarudi mara nyingi, anajua mengi, basi anaanza kufundisha, kutoa dira, kutatua. Katika kitabu cha kwanza cha Odisea, utendi wa kale wa Kigiriki, mungu wa kike Athena anamjia Telemako, mwana wa shujaa aliyepotea, kwa sura ya mgeni aitwaye Mentes na kumpa maagizo ya wazi: tafuta chombo na wapiga makasia 20, nenda Pylos kwa Nestor, kisha Sparta kwa Menelao. Hapo amemaliza kazi ya kuleta mwito. Katika kitabu cha pili anarudi kama msindikizaji na mshauri, na sura yake imebadilika; sasa ni Mentor. Mungu mmoja, kazi mbili, nyuso mbili. Nawe ukimpandisha mshenga wako cheo, tia alama pale kazi inapobadilika: mavazi, mahali, hata namna Zuhura anavyomwita.

Adui

Adui akileta mwito mwenyewe unaokoa kurasa, kwa sababu habari na tishio vinaingia mlangoni pamoja. Mfalme Dario wa Uajemi alituma wajumbe miji ya Wagiriki kudai udongo na maji, alama za kusalimu amri. Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki, anasimulia kwamba Wasparta waliwatupa kisimani wakachote huko. Ni jibu la kusisimua, lakini angalia alichoendelea kusimulia: Sparta iliamini imepatwa na ghadhabu kwa kuua wajumbe, na baadaye watu wawili, Sperthias na Bulis, wakajitolea kwenda kwa Xerxes, mwana wa Dario, wauawe kama fidia. Xerxes akakataa kuwaua. Ukimfanya shujaa wako amuue mjumbe wa adui, umejifungulia deni ambalo sura za mbele lazima zililipe.

Kwa adui anayeshawishi badala ya kutisha, sijui mpango mzuri kuliko wa wachawi watatu katika Macbeth, tamthilia ya Shakespeare. Wanamsalimu jemadari Macbeth kwa vyeo vitatu. Cha kwanza anacho tayari. Cha pili ameshapewa bila yeye kujua, na punde anafika Ross, mtu wa mfalme, kukithibitisha. Cha tatu ni ufalme, na hicho ndicho chambo. Andika utaratibu huo pembeni ya daftari lako: ukweli anaoujua, ukweli utakaothibitishwa mara moja, kisha chambo. Ukianza na chambo, mhusika mwenye akili ataondoka. Na uthibitisho usitoke kinywa kilekile. Shakespeare alimleta Ross kwa sababu hiyo.

Linganisha na mtabiri wa Juliasi Kaizari, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliichapisha kwa Kiswahili mwaka 1963. Mtabiri anamwonya Kaizari ajihadhari na siku ya 15 Machi. Kaizari anamwona mtu wa ndoto tu, anapita. Onyo lile halina njia ndani yake. Halisemi nenda wapi, fanya nini, ukipuuza nani ataumia. Kwa tamthilia ile ni sawa kabisa, kwa sababu Shakespeare alitaka Kaizari apite. Ila watunzi wengi huandika onyo wakidhani wameandika mwito. Tofauti yake ni nyepesi kuipima: onyo humwambia mtu ajihadhari, mwito humwambia aondoke.

Dalali anafika kwa Zuhura na shilingi milioni tatu taslimu. Anamjua baba yake kwa jina, anajua hata hitima ilisomwa msikiti gani. Anataka saini tu, kwamba familia haina dai lolote juu ya chombo. Chombo gani? Zuhura hakujua kama kuna cha kudai. Adui ameleta mwito kwa kujaribu kuuzima, na nusu ya kazi ya kumshawishi msomaji imefanywa na pesa ile iliyo mezani.

Adui anakushinda pale anapozungumza sana. Vitisho viwili katika tukio moja vinapunguzana nguvu. Mpe kimoja, tena kisemwe kama msaada.

Ishara

Siddhartha Gautama, kwa mapokeo ya Kibuddha, alilelewa mbali na taabu yoyote. Akatoka nje akaona mzee, akaona mgonjwa, akaona maiti, akaona mtawa. Hakuna hata mmoja aliyemwambia ondoka. Watatu wa kwanza walimvunjia nyumba alimokaa, wa nne akamwonyesha njia. Huo ni mpangilio wa makusudi: ishara zinazosumbua tu, bila moja inayoelekeza, humwacha mhusika ameketi akihuzunika.

Ishara humfaa mhusika unayetaka achague bila kusukumwa. Ugumu wake ni kwamba hakuna wa kuulizwa, kwa hiyo lazima mhusika awe na ujuzi wa kuisoma. Hapa ufundi wa Zuhura unalipa. Kijana wa genge analeta tanga kuukuu la amerikani, limenunuliwa kutoka vyombo vya kusini, likatwe turubai. Zuhura analikunjua sakafuni na kukuta kiraka. Mshono ni wake. Alikishona kwa mkono akiwa na miaka kumi na mitano, kwa uzi wa bluu kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha, na tanga lile liliondoka na baba yake. Mtu mwingine yeyote angeona kitambaa.

Ndoto ni aina ya ishara, nami naitilia shaka. Mhusika akikataa ndoto, anaamka na kunywa chai, hakuna kilichobadilika. Ukiipenda sana, iachie kitu cha kuhakikiwa akiwa macho: idadi, jina la mahali, neno ambalo hakuwahi kulisikia. Na kihakikiwe ndani ya kurasa tano, kabla msomaji hajaisahau.

Kumchora na kumvisha

Wajumbe wa kweli wa zamani walilitatua tatizo la wachoraji mapema sana, maana maisha yao yalitegemea kutambuliwa kwa mbali. Mjumbe wa Kigiriki alibeba fimbo yenye nyoka wawili waliosokotana, na kumdhuru kulikuwa kufuru. Mjumbe wa Ulaya ya zama za kati alivaa joho fupi lenye nembo ya bwana wake, kifuani na mgongoni. London kuna taasisi ya maofisa hao tangu 1484, na wangali wakivaa mavazi hayo kwenye sherehe za kifalme.

Kanuni unayoipata hapo: nguo ya mleta mwito si yake, ni ya aliyemtuma. Mchague aliyemtuma kwanza, kisha chukua alama moja ya huyo, rangi au umbo, uiweke mwilini mwa mbebaji. Kama aliyetuma ni siri, alama iwe ndogo, kama kifungo au kovu, ionekane tena mbele. Dalali wa Zuhura anaweza kuvaa pete yenye bluu ileile iliyopakwa jahazi. Rangi hiyo isitokee popote pengine katika kurasa za mwanzo. Ukiipaka pia kwenye kanga ya jirani umeiua.

Ukisha kuchora, jaza umbo lote weusi na ulipunguze hadi urefu wa sentimita 2. Kama huwezi kumtofautisha na mhusika mkuu, ongeza kitu kimoja tu kinachotoka nje ya mwili: mzigo begani, mwavuli, kofia pana. Vitu vitatu vinavurugana. Silaha usimpe, isipokuwa ni adui, kwani mkono wenye panga husomwa kabla ya barua.

Katika vibonzo vinavyosomwa kushoto kwenda kulia, mhusika mkuu hutazama kulia, upande hadithi inakoelekea. Mwingize mleta mwito kutoka kulia akitazama kushoto, ili amzibie njia. Kwa kitabu cha karatasi, weka kivuli au sauti yake kwenye fremu ya mwisho ya ukurasa wa kulia, na umbo lake zima baada ya kufungua. Kwa vibonzo vya kusoma kwa simu, acha nafasi tupu ya karibu kioo kizima kabla hajaonekana. Ishara haina mwili wa kuchora, kwa hiyo gharama inahamia kwenye mikono ya mhusika: fremu mbili hadi tatu za karibu, vidole kwenye uzi, kabla ya kuonyesha uso.

Aje lini

Katika muswada wa filamu wa kurasa 90 hadi 110, ambapo ukurasa mmoja ni kama dakika moja, mwito huwekwa kati ya ukurasa wa 10 na 15. Riwaya ya maneno 60,000 inaweza kusubiri hadi neno la 6,000 hivi. Hadithi fupi ya maneno 3,000 haiwezi kupita neno la 400. Kibonzo cha kurasa 8, ukurasa wa pili. Mshenga, kwa kuwa anarudi, aanze mapema kuliko hapo. Ishara inaweza kuchelewa kidogo, kwa sababu lazima kwanza tumwone mhusika akiifanya kazi itakayomwezesha kuisoma. Tusipomwona Zuhura akishona kabla ya tanga kufika, kiraka cha bluu hakitatuambia lolote.

Kwa Zuhura mimi ningewaunganisha wawili, kwa utaratibu wa Macbeth. Tanga linafika asubuhi. Anakitambua kiraka, anajikana, analikunja na kumwambia kijana wa genge arudi kesho. Alasiri dalali anaingia na milioni zake tatu. Ishara peke yake angeweza kuizika, na dalali peke yake angeweza kumwona tapeli. Vikikutana siku moja, kila kimoja kinamthibitisha mwenzake, na hakuna aliyelazimika kueleza kitu.

Andika kwanza tukio lake la kukataa, kabla hujaandika la kuja kwa dalali. Zuhura anasukuma pesa, anasema hana habari na chombo chochote, anarudi kwenye sare za shule. Dalali anainuka taratibu. Mlangoni anamwona mdogo wake Zuhura akitoka madrasa, anamuuliza jina lake na darasa analosoma, na kijana anajibu kwa adabu, kama alivyofunzwa kuwajibu wakubwa.